Kampaundi moja, majibu matatu ya umumunyifu. Ipi niiamini?

#1 Mkemia Kijana
Wakuu habari. Nina kampaundi iliyo hatua za awali kabisa, hata kwa wanyama bado haijaingia. Ni besi dhaifu, pKa (pH ambayo nusu ya molekuli zimebeba chaji) kama 6.0, uzito wa molekuli 450, logP (kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji) ya kukokotolewa na kompyuta 4.0. Umumunyifu wake, yaani kiasi chake kinachoweza kuyeyuka kwenye kimiminika, unanivuruga.

Jibu la kwanza limetoka kwenye kipimo cha haraka: myeyusho wa milimola 10 kwenye DMSO (kiyeyushi chenye nguvu) unadondoshewa kwenye bafa ya fosfeti (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 6.5, kisha unatazama ukungu unaanzia wapi. Ulianza kwenye mikromola 80.

Jibu la pili: miligramu 5 za unga wa bechi ya kwanza kwenye mililita 1 ya bafa hiyohiyo (milimola 50), ikatikiswa saa 24 kwa nyuzi 37, ikachujwa, ikapimwa kwa HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kampaundi. Mikrogramu 11 kwa mililita.

Jibu la tatu ni kila kitu kilekile, ila unga ni wa bechi ya pili. Mikrogramu 3.

Bechi zote mbili zina usafi wa zaidi ya asilimia 98. Kiongozi wa mradi anataka namba moja ya kuweka kwenye jedwali kabla ya kikao cha Ijumaa. Mimi nasema tusiweke namba yoyote mpaka tujue kwa nini zinapishana. Nyie mngeweka ipi?

#2 Bafa 6.8
Kwanza weka vizio sawa. Mikromola 80 kwa uzito wa 450 ni mikrogramu 36 kwa mililita. Kwa hiyo una 36, 11 na 3. Nimeona watu wakilinganisha mikromola na mikrogramu kwenye jedwali moja na kampaundi nzuri ikatupwa hivihivi.

Pili, hiyo 36 iweke pembeni. Inakuambia ukungu umeonekana wapi, basi. Kampaundi imeingia ikiwa tayari imeyeyuka, DMSO karibu asilimia 0.8 bado imo, na molekuli hazijapata muda wa kujipanga. Kipimo cha namna hiyo kilipata umaarufu kupitia Lipinski na wenzake wa Pfizer kwenye makala yao ya 1997, ileile yenye "Rule of 5", vigezo vya kukisia kama kampaundi itafyonzwa vizuri kwa mdomo. Walikuwa wanadondosha kidogokidogo kwenye fosfeti ya pH 7 kwa joto la chumba. Kinafaa kuchuja mamia ya kampaundi kwa siku na kuona zipi zitakusumbua kwenye majaribio ya seli. Kukadiria dozi ya kidonge sio kazi yake.

#3 Mtulivu wa Mwisho
Nakaa hapa hapa. Mada kama hizi ni adimu.

#4 Fuwele Tatu
Mkemia, kila bechi ilitengenezwaje? Usinijibu kwamba ni safi. Usafi wa HPLC hauoni fuwele, maana ukishaiyeyusha sampuli ili uipime, ulichokuwa unakitafuta kimeshapotea. Na utuambie chupa zenyewe zilionekanaje asubuhi yake.

#5 Mkemia Kijana
Mkuu Fuwele, bechi ya kwanza ilisafishwa kwa HPLC kubwa ya kutenganisha, halafu ikagandishwa na kukaushwa. Unga mwepesi sana, unarukia kwenye kijiko na kung'ang'ania kuta za chupa. Bechi ya pili ilikuwa ya kiasi kikubwa, ikakaziwa fuwele kutoka kwenye ethanoli, inayeyuka kwa joto la nyuzi 205.

Chupa: ya kwanza asubuhi ilikuwa na utando wa njano umegandamana ukutani, unanata ukiugusa kwa ncha ya pipeti. Ya pili unga mwingi ulikuwa unaelea juu, na kulikuwa na pete nyeupe kavu kwenye kioo juu ya usawa wa bafa. Bafa yenyewe chini ilikuwa angavu kabisa.

#6 Fuwele Tatu
Kesi imeisha. Bechi ya kwanza ni amofasi, ya pili ni fuwele. Kitu kisicho na mpangilio kinaachia molekuli zake kirahisi, fuwele inazishikilia. Tazama ngazi: 36 haina umbo gumu lolote, 11 ni amofasi iliyoanza kujipanga, 3 ni fuwele yenyewe. Zote ni kampaundi moja ikiwa njiani kuelekea umbo lake tulivu, na wewe umeipiga picha katika vituo vitatu.

Weka 3 kwenye jedwali. Yaliyowapata kampuni ya Abbott na ritonavir, dawa yao ya VVU, mwaka 1996 yanatosha: umbo jipya la fuwele lisiloyeyuka vizuri lilijitokeza, kapsuli zikafeli kipimo cha kuyeyuka, zikaondolewa sokoni.

#7 Dada Pipeti
Taratibu kaka Fuwele, kesi ndiyo kwanza inaanza. Mkemia, hiyo HPLC kubwa mlitumia TFA, ile asidi kali, kwenye kiyeyushi?

#8 Mkemia Kijana
Ndiyo dada, asilimia 0.1.

#9 Dada Pipeti
Basi bechi yako ya kwanza inawezekana kabisa si besi huru, yaani besi isiyobeba asidi. Ni chumvi ya TFA. Besi yenye pKa 6 ikipita kwenye asidi kali namna hiyo kisha ikakaushwa, inaondoka imebeba asidi hiyo. Sasa ukiweka miligramu 5 kwenye bafa, asidi inaachiwa, pH inashuka, na besi dhaifu kwenye pH ya chini inayeyuka zaidi. Hujalinganisha maumbo mawili, umelinganisha vitu viwili tofauti kwenye pH mbili tofauti.

pH ya mwisho ilikuwa ngapi?

#10 Mkemia Kijana
Haimo kwenye ripoti. Maabara tuliyowapelekea sampuli wameandika pH ya bafa kabla ya kuanza tu.

#11 Dada Pipeti
Hilo ndilo linaloniumiza kila mara. Ripoti ya umumunyifu ya kampaundi inayobadilika na pH, halafu pH ya mwisho haimo. Hiyo namba imekaa hewani. Wadai wakupimie upya. Elektrodi ndogo inaingia hata kwenye mikrolita 200, kwa hiyo kisingizio cha sampuli kidogo hakipo.

#12 Bafa 6.8
Dada Pipeti, hoja nzuri, ila tuipige hesabu kabla ya kuishangilia.

Miligramu 5 za chumvi ya TFA, uzito 450 jumlisha 114, ni kama milimola 9 za asidi kwa lita ikiachiwa yote. Bafa ya fosfeti ya milimola 50 kwenye pH 6.5 ina takriban milimola 17 za sehemu inayopokea asidi. Toa 9, zinabaki 8. pH inatua karibu 6.1. Kwa besi ya pKa 6.0, umumunyifu kwenye 6.5 ni mara 1.3 ya ule wa besi huru, na kwenye 6.1 ni mara 1.8. Tofauti kati yao ni mara 1.4 hivi.

Mkemia anatuonyesha 11 dhidi ya 3, karibu mara 3.7. TFA inaeleza kipande, haielezi yote. Ingekuwa bafa ya milimola 10 ningekuunga mkono moja kwa moja, kwa sababu hapo asidi ingemaliza nguvu ya bafa yote na pH ingeporomoka.

#13 Dada Pipeti
Hesabu naikubali, lakini umeacha kitu. Viwango vya kulinganishia kwenye HPLC vilitengenezwa na unga gani? Kama kila bechi ilipimwa kwa kiwango kilichotoka kwenye bechi yenyewe, na ile ya TFA ikahesabiwa kama besi tupu ya 450, namba yake imevimba kwa 564 kugawa kwa 450, yaani mara 1.25. Zidisha na 1.4 yako, unapata 1.75. Nusu ya pengo limeshaliwa na mambo ambayo hayana uhusiano wowote na fuwele.

#14 Mzee wa Chujio
Vijana mnabishana vizuri ila hakuna aliyeuliza chujio. Lilikuwa la nini?

#15 Mkemia Kijana
Nailoni, mikromita 0.45, mzee.

#16 Mzee wa Chujio
Nilijua. Kampaundi ya logP 4 kwenye nailoni! Chujio linanyonya. Kwenye myeyusho wa miligramu kwa mililita huoni tofauti, lakini wewe uko kwenye mikrogramu chache. Tuseme chujio limeshika mikrogramu 2 kutoka mililita yako moja. Basi ukweli ulikuwa 13 na 5, ukasoma 11 na 3. Uwiano wa 2.6 umegeuka 3.7 kwa kazi ya chujio peke yake. Chenye kidogo ndicho kinachoumia zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Tengeneza myeyusho angavu wa kiasi unachokijua, ugawe, nusu upitishe kwenye chujio, nusu usipitishe, linganisha. Mwaga matone ya mwanzo, chujio lishibe kwanza. Na chujio, sindano na bomba lake vyote viwe na joto la nyuzi 37. Ukichuja sampuli ya nyuzi 37 kwa vifaa vya baridi, kampaundi inaweza kujitenga njiani ukabaki unajiuliza imeenda wapi.

#17 Fuwele Tatu
Mzee wa Chujio, hata jina lako limeshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Chujio la 0.45 linaweza pia kupitisha chembe ndogo sana za ule utando unaonata, zikayeyuka kwenye kiyeyushi cha HPLC na kuhesabiwa kama zilikuwa zimeyeyuka tangu mwanzo. Hapo 11 inakuwa imezidishwa. Chujio lako linaweza kuiba na linaweza kuongeza, kwa hiyo halitupi mwelekeo.

#18 Mzee wa Chujio
Na wewe kila homa kwako ni fuwele, mwanangu. Nakubali linaweza kuongeza. Ndiyo maana nikamwambia apime.

#19 Msimbo
Naingia na kompyuta. Kuna mlinganyo wa Yalkowsky wa kukadiria umumunyifu ambao hauhitaji hata chupa: log S (S ni umumunyifu kwa mola kwa lita) ni 0.5, toa 0.01 mara joto la kuyeyuka ukishapunguza 25, toa logP. Kwa 205 na 4.0 unapata −5.3. Hiyo ni mikromola 5, sawa na mikrogramu 2.3 kwa mililita kwa besi huru. Zidisha na 1.3 ya pH 6.5 aliyotupa Bafa, unapata 3.

Bechi ya pili ndiyo ya kweli. Mlinganyo na chupa vimekutana.

#20 Kipimajoto
Msimbo, tusikimbilie hapo. logP ya 4.0 imetoka kwenye kompyuta, haijapimwa. Ikikosea kwa kizio kimoja tu, jibu lako linahama mara kumi, na kukosea kwa kizio kimoja ni jambo la kawaida kwenye molekuli mpya. Mwaka 2008 Llinàs, Glen na Goodman waliweka hadharani umumunyifu wa molekuli 100 waliouwekea uangalifu mkubwa, wakawaomba watu wakadirie nyingine 32. Kilichodhihirika ni kwamba hata ukipewa data safi, kukadiria umumunyifu kunabaki kazi ngumu. Jibu lako kukutana na 3 linaweza kuwa bahati.

#21 Msimbo
Sawa, namba kamili tuiache. Lakini mlinganyo unatufundisha kitu kimoja ambacho bahati haikiondoi. Ile sehemu ya joto la kuyeyuka ndiyo gharama ya kuvunja fuwele. Kwa nyuzi 205 ni 1.8 kwenye logi, mara sitini hivi. Kama bechi ya kwanza ingekuwa amofasi tupu, ningetegemea zaidi sana ya 11. Kwa hiyo ama ilishageuka kwa sehemu kubwa ndani ya saa 24, ama haikuwa amofasi kwa kiwango anachodai Fuwele.

#22 Fuwele Tatu
Nimesema kwenye #6, "iliyoanza kujipanga". Soma tena mkuu.

#23 Dozi Kubwa
Wadau, nimesoma yote na ninajiuliza swali la mtu wa vidonge. Mkemia, dozi mnayoitarajia ni ngapi?

#24 Mkemia Kijana
Tunakisia miligramu 100, kwa mdomo.

#25 Dozi Kubwa
Miligramu 100 kwenye mililita 250 za maji ni mikrogramu 400 kwa mililita. Gawa kwa 11 unapata 36. Gawa kwa 3 unapata 133. Inatakiwa iwe chini ya 1 ili uitwe mumunyifu wa juu kwenye ule mgawanyo wa dawa kwa umumunyifu na upenyaji wa Amidon na wenzake wa 1995. Zote mbili zimeanguka vibaya. Mnapigania nani ameanguka zaidi.

Kipimo kingine ni hesabu za Lipinski wa #2: kwa dozi ya miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili na kupenya ukuta wa utumbo kwa wastani, unahitaji kama mikrogramu 50 kwa mililita. Haufiki hata ukichukua ile 36. Kampaundi hii itahitaji msaada wa mtengeneza dawa, iwe kusagwa ndogo sana, iwe kutawanywa kwenye polima, iwe mafuta. Mwambieni kiongozi wa mradi hilo, jedwali lisubiri.

#26 Bafa 6.8
Dozi Kubwa, mililita 250 zako ni sahihi, lakini sharti ni dozi iyeyuke kwenye pH zote za eneo lililowekwa, kuanzia 1.0 hadi 7.5, si pH moja tu ya 6.5. Kwenye tumbo lenye asidi besi hii inaweza kuyeyuka yote.

#27 Kipimajoto
Marekebisho kidogo: 1.0 hadi 7.5 ni mwongozo wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wa mwaka 2000. Mwongozo wa kimataifa wa ICH M9 wa 2019 unasema 1.2 hadi 6.8, kwa nyuzi 37, na dozi moja ya juu kabisa ya tiba. Kwa kuwa nimeshaingia, na #6 pia irekebishwe. Ritonavir iliingia sokoni 1996, balaa la umbo la pili lilikuwa 1998. Wagonjwa wakarudi kwenye dawa ya maji mpaka kapsuli mpya zilipotengenezwa.

#28 Fuwele Tatu
1998, sawa. Na uzito wa mkasa uko hapo hapo: dawa ilishatumika miaka miwili, kila kipimo cha umumunyifu kilishafanyika na kupitishwa, kisha umbo tulivu zaidi likaja. Umbo hilo lilipoingia kwenye maabara, lile la zamani likawa taabu kulipata tena.

Dozi Kubwa, hili ndilo jibu la swali lako la kwa nini tupiganie 11 na 3. Wakiwalisha wanyama bechi ya kwanza wakapata kiwango kizuri kwenye damu, halafu utafiti wa sumu ukafanywa na bechi ya pili, kiwango kitashuka na watu watahangaika na ini na vimeng'enya wakati tatizo liko ndani ya chupa ya unga.

#29 Mfamasia wa Zamu
Mimi si mtu wa maabara, niko upande wa kutoa dawa. Haya mnayoyasema tunayaona kwa wagonjwa. Ketokonazoli na atazanaviri ni besi zinazotegemea asidi ya tumbo, mgonjwa akiwa anatumia omeprazoli, ile ya kupunguza asidi ya tumbo, ufyonzwaji unashuka. Lumefantrini inahitaji chakula chenye mafuta. Albendazoli hivyohivyo, ukitaka ifike kwenye tishu unampa pamoja na mlo wenye mafuta. Mgonjwa anaona ni sharti la kumchosha tu, kumbe ni umumunyifu.

Swali langu: hiyo bafa ya fosfeti inafanana na utumbo wa nani? Utumbo una nyongo.

#30 Dada Pipeti
Asante sana Mfamasia, swali zito. Ndiyo maana kuna FaSSIF, kimiminika cha kuiga utumbo wa mtu ambaye hajala, kilichotoka kwenye kazi za Dressman na wenzake miaka ya tisini: pH 6.5, taurokoleti milimola 3, lesithini 0.75. Cha mtu aliyekula kina taurokoleti 15, lesithini 3.75 na pH 5.0. Kampaundi ya logP 4 ikikutana na vile vijipira vidogo sana (miseli) vya chumvi za nyongo inajificha ndani yake na umumunyifu unapanda, wakati mwingine mara nyingi sana.

Mkemia, ungepima bechi zote mbili humo. Ila angalia, kwenye pH 5.0 kupanda kwa umumunyifu kunaweza kuwa kwa sababu ya pH au kwa sababu ya nyongo, kwa hiyo uwe na bafa tupu ya pH 5.0 ya kulinganishia.

#31 Mwanafunzi Mwaka wa Tatu
Samahani wakubwa, kwa nini saa 24 na si saa 2?

#32 Kipimajoto
Kwa mazoea zaidi kuliko sayansi. Saa 24 inaendana na ratiba ya kazi: weka leo, chuja kesho. Uthibitisho wa msawazo ni namba kuacha kusogea, kwa hiyo unachota saa 4, 24, 48, 72 ukaangalia. Ikibaki palepale umefika. Noyes na Whitney walishaonyesha mwaka 1897 kwamba kasi ya kuyeyuka inapungua kadiri myeyusho unavyokaribia kushiba. Hatua za mwisho ndizo za polepole.

#33 Kiyeyushi
Naongezea lingine ambalo halijaguswa. Mkemia kasema bechi ya pili inaelea na imeacha pete kavu kwenye kioo. Huo unga haujalowa! Fuwele inayokataa maji ikikaa juu inakuwa na uso mdogo tu unaogusa bafa, saa 24 zinapita bado inapanda. Hiyo 3 inaweza kuwa namba ya njiani, chini ya ukweli, wakati 11 ni namba ya njiani kutoka juu.

Weka shanga ndogo za kioo au sumaku ya kukoroga, au anza kwa kulowesha unga vizuri kwa kuuponda na matone ya bafa. Pete ya ukutani irudishe chini kwa kuinamisha chupa.

#34 Karba
Nami nina langu. Tulipokuwa tukipima karbamazepini kavu, dawa ya kifafa, kwenye maji, namba ilipanda haraka kisha ikashuka. Ukitoa unga uliobaki na kuuangalia kwa hadubini unaona sindano ndefu nyembamba ambazo hazikuwepo ulipoanza. Imechukua maji ikawa dihaidreti, na dihaidreti inayeyuka kidogo zaidi. Kwa hiyo namba ya saa 24 si ya kitu ulichokiweka, ni ya kitu kilichozaliwa humo. Teofilini inafanya vivyo hivyo.

Nani amewaambia kwamba bechi ya pili iliyokaziwa kwenye ethanoli ndiyo mwisho wa safari ndani ya maji?

#35 Fuwele Tatu
Karba, hapo umenifurahisha kweli.

#36 Mzee wa Chujio
Kwa hiyo ukoo wa fuwele umepata mjukuu.

#37 Mkemia Kijana
Wakuu, shukrani. Nimerudi na matokeo mapya, tumeyafanya wenyewe hapa ndani. Bafa ileile, nyuzi 37, shanga za kioo, tukazungusha kwenye sentrifuji yenye joto badala ya kuchuja, na kiwango kimoja cha HPLC kutoka bechi ya pili kwa zote.

Saa 24: bechi ya kwanza 9, bechi ya pili 4.
Saa 72: bechi ya kwanza 6, bechi ya pili 4.
pH ya mwisho: ya kwanza 6.2, ya pili 6.5.

Unga uliobaki wa bechi ya kwanza tumeupitisha kwenye eksirei ya kuonyesha mpangilio wa fuwele ukiwa na majimaji yake. Kuna kilima kipana cha amofasi, na juu yake kuna vilele vidogo. Vilele hivyo havilingani na vya bechi ya pili. Nimekagua zaidi ya mara moja.

#38 Bafa 6.8
pH 6.2 dhidi ya 6.5. TFA imo, dada Pipeti alikuwa sahihi. Ila hata ukitoa mchango wa pH, 6 haiteremki hadi 4 kamili.

#39 Mzee wa Chujio
Na bechi ya pili imetoka 3 hadi 4 tulipoondoa nailoni.

#40 Kiyeyushi
Au tulipoweka shanga, mzee. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, hatujui kipi kimefanya kazi. Mkemia, rudia na shanga na chujio.

#41 Fuwele Tatu
Bechi ya kwanza inashuka, 9 hadi 6, bado haijatulia. Ipe wiki. Vilele vipya ni umbo la pili la besi huru, na kama umumunyifu wake utatua chini ya 4, basi bechi ya pili siyo umbo tulivu zaidi na mradi mzima unajenga juu ya umbo lisilo sahihi.

#42 Karba
Au ni haidreti.

#43 Dada Pipeti
Au ni chumvi ya fosfeti! Mnasahau bafa yenyewe ni fosfeti ya milimola 50, besi ina pKa 6, na pH imeshuka. Hapo kampaundi iliyobeba chaji inakutana na fosfeti nyingi. Chumvi ya fosfeti ikikaa chini, unachopima ni umumunyifu wa chumvi ambayo hamkuitengeneza. Rudia kwenye bafa isiyo na fosfeti, pH ileile, uone kama vilele vinatokea.

#44 Dozi Kubwa
Na Ijumaa je? Mimi bado nasema aandike 4, bechi ya pili, basi.

#45 Dada Pipeti
Aandike 4, na pembeni yake pH 6.5, nyuzi 37, saa 72, unga wa fuwele kutoka ethanoli, sentrifuji. Na mstari wa pili wa bechi ya kwanza wenye 6 na maelezo yake yote, pamoja na neno kwamba bado inashuka. Jedwali likiwa na safu moja tu ya umumunyifu, aongeze safu. Namba isiyo na masharti yake ndiyo inayoua kampaundi nzuri na kubeba mbaya hadi kwenye majaribio ya watu.

#46 Dozi Kubwa
Kiongozi wa mradi atasoma safu ya kwanza tu, dada.

#47 Karba
Mkemia, kabla hujafanya chochote kingine: usiukaushe huo unga uliobaki. Sio kwenye oveni, sio kwenye utupu. Kama ni haidreti, maji yatatoka na vilele vitabadilika mbele yako. Ubane kwenye karatasi ya kuchujia uondoe majimaji ya nje, kisha uupime uzito wakati unaupasha joto taratibu uone unapoteza asilimia ngapi. Kwa uzito wa 450, molekuli moja ya maji ni kama asilimia 3.8. Halafu upime fosforasi kwenye unga huohuo kwa ajili ya dada Pipeti.

#48 Mkemia Kijana
Umebaki miligramu 2 tu.

#49 Karba
Zinatosha. Anza na uzito.

#50 Dada Pipeti
Anza na fosforasi!